Yeni Laki Moja na Themanini

Sikumuuliza umri.
Alikuwa na mabega ya mpagazi, sauti iliyokwisha kubalehe,
na baiskeli ya mama yake yenye mnyororo uliolegea.
Alisimama mlangoni pa karakana yangu, Hachinohe,
theluji ikimyeyukia kwenye ukosi,
akasema, "Mzee Kuwabara, nikopeshe."
Nikafungua droo ya spana. Humo ndimo ninamoweka pesa,
kwa sababu mwizi hapendi grisi.

Yeni laki moja na themanini elfu.
Akaandika jina kwa kalamu yangu: Niida Ryosei,
herufi zimesimama wima kama askari wa gwaride.
"Mwezi wa tatu," alisema, "nitakuwa nimemaliza."
Mimi nikasikia deni.
Yeye alikuwa na maana ya shule.

Ikaja barua ya rejista, ya mama.
Sentensi tatu. Mwanangu ana miaka kumi na saba.
Sikutoa idhini.
Mkataba naufuta.
Naufuta! Kama tone la supu mezani.

Nikaenda kwa Bi Orikasa, aandikiaye watu hati karibu na mahakama.
Alinimiminia chai, akavaa miwani,
akanieleza kwa upole wa daktari wa meno:
mkopo huo, Bwana, haukufa leo; unahesabiwa haukuzaliwa.
Riba hakuna. Kijana atarudisha kilichobaki tu.
Kilichobaki kipi? nikauliza. Si ameshakula?
"Amekula nini?" akaniuliza yeye,
na hapo ndipo kichwa kilipoanza kuniuma.

Maana laki moja zilimezwa na mashine za gololi,
zile zipigazo kelele kama mvua ya misumari juu ya bati,
alikopenya akiwa amevaa koti la mjomba.
Hizo zimepotea, na mbele ya sheria zimepotea kweli,
hadaiwi hata yeni.
Lakini themanini alilipia gesi, na umeme, na mchele,
mama akiwa kitandani na mgongo wake.
Hizo, alisema Bi Orikasa, bado zipo.
Zipo wapi? Tumboni?
"Zipo, kwa kuwa asingezitoa kwako, angezitoa kwake.
Hizo unaweza kudai."

Ala!
Upumbavu wake umesamehewa,
wema wake umekatiwa risiti.
Kukopa harusi, kulipa matanga, ndivyo tusemavyo;
huyu harusi yake imekuwa bure,
na matanga yake ni mchele.

Kisha akashusha sauti, ingawa tulikuwa wawili.
"Je, alikudanganya? Alikwambia ni mtu mzima?
Alikuonyesha kitambulisho cha kughushi?
Mdogo atumiaye hila hana tena haki ya kufuta.
Ukisema ndiyo, na ukathibitisha, zinarudi zote."

Ndiyo. Neno dogo, halijazi hata kijiko.
Nilikuwa na miaka sitini na tisa,
kodi ya karakana imechelewa miezi miwili.
Nikayaona tena yale mabega mlangoni.
Hayakusema kitu.
Mimi ndiye niliyeyapima, nikayaita miaka.
"Sikumuuliza," nikajibu.
Bi Orikasa akafunika kalamu.

Zile themanini sikuzidai. Usiniite mwema:
wiki mbili nzima nilikaza nati za watu hadi zikakatika.

Aprili, barafu imeondoka barabarani,
akaja akiisukuma baiskeli ileile, pancha gurudumu la nyuma.
Jicho lake lilikwenda kwenye droo, likarudi mbio.
Msasa, gundi, kiraka, upepo.
Hatukusemezana.
"Kiasi gani, Mzee?"

Nikafuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja,
nikamtazama kuanzia viatu.
"Kwanza," nikasema, "una miaka mingapi?"